By na until: "hadi" moja, maneno mawili

"Tuma fomu hadi Ijumaa." Kiswahili kinaipokea vizuri, ndiyo maana wengi huandika "Submit the form until Friday". Hilo ni kosa. Sahihi ni "by Friday".

Kabla ya kutazama tarehe, tazama kitenzi. Tendo linaloendelea kwa muda, kama wait, stay au sleep, huchukua until: "I will stay until Monday", nipo siku zote hizo. Tendo linalofanyika likaisha, kama pay, submit au arrive, huchukua by: "I will pay by Monday", nitalipa siku yoyote, mradi Jumatatu isipite.

Hatari kubwa iko kwenye vitenzi vinavyokubali yote mawili, hasa be. Ukimwandikia mtu "I will be in the office by five", unamwambia saa kumi na moja itakukuta umeshafika. Ukiandika "until five", unamwambia saa hiyo ndiyo unaondoka. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, kwa hiyo hakuna programu ya kusahihisha itakayokushtua.

Ukanushi nao una yake. "I didn't finish until Friday": nilimaliza, ila ilikuwa Ijumaa. "I didn't finish by Friday": Ijumaa ilipita sijamaliza, na huenda sijamaliza mpaka leo. Finish ni tendo la mara moja, lakini hali ya kutomaliza huendelea, ndiyo maana until inakubalika hapo.

Until ni kihusishi na pia kiunganishi, kwa hiyo hufuatwa na sentensi nzima: "Wait until he comes." By haiwezi, lazima useme "by the time he comes". Na kote kuwili usiweke will. "Until he will come" ni "mpaka atakapokuja" iliyohamishwa na -taka- yake. Kiingereza hapo hutumia wakati uliopo.

By hupenda pia hali timilifu: "By noon she had left", "By 2030 they will have finished."

Till ni sawa na until, ingawa until ina l moja tu. Kwenye mkataba, by Friday inaweza kuzua ubishi kama Ijumaa yenyewe imo. Andika "on or before Friday".