Mtoto wa Ng'ambo Hataki Kula: Ushauri kwa Wenyeji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Desemba ikiingia, maswali ninayoulizwa katika kazi yangu ya lishe ya watoto hapa Kisumu hubadilika. Ndege za kutoka Nairobi zinaleta jamaa zetu wanaoishi Marekani, Uingereza na Kanada, na baada ya siku chache simu zinaanza: mtoto amefika, hataki kula chochote, tumpeleke wapi apate chakula alichozoea?

Wengi hujibiwa waende Java House au Pizza Inn, na zote mbili ziko Kisumu na Nakuru. Sina neno nazo. Siku ya kwanza baada ya safari ndefu, pizza ya jibini tupu ni chakula kizuri kabisa. (Anayeisubiri McDonald's aambiwe mapema kwamba haina tawi lolote Kenya, asije akalia bure.) Lakini wageni wengi hawakai mjini. Wanaelekea Ugenya, Bondo, Vihiga, Butere, Molo, na huko mpishi ni nyanya, shangazi au mke wa ami. Hao ndio ninaowaandikia.

Jambo ninalotaka walielewe ni kwamba mtoto anayechagua chakula hafuati jina la chakula. Anafuata sifa zake: kikavu au kina mchuzi, kigumu au kinateleza, rangi moja au nyingi, kimechanganywa au kila kitu kiko peke yake. Kuogopa chakula kigeni huanza karibu na umri wa miaka 2 na huwa kukali hadi miaka 6 hivi. Si utundu, na si lazima kuwe ni malezi mabaya. Mwili wa mtoto unajikinga na asichokijua, na ulimi wake huhisi uchungu kuliko wetu. Ndiyo maana mboga chungu kama osuga (mnavu) na dek (mgagani) humshinda hata mtoto aliyezaliwa Siaya, na mama zetu wakagundua zamani kuzilaza kwenye maziwa ili uchungu upungue. Kwa hiyo tafuta sifa anazoziamini, na utazipata jikoni kwako kuliko unavyodhani.

Chukua chipsi. Mzazi anasema, "Chipsi ziko kila mahali, tatizo liko wapi?" Tatizo liko kwenye kiazi. Viazi vingi sokoni kwetu ni vya aina iitwayo Shangi. Wakulima wa Nyandarua na Molo wanavipenda kwa kuwa hukomaa upesi, na wapishi kwa kuwa huiva upesi. Chipsi zake zikiachwa kwenye kabati la kioo zinalainika, na mtoto aliyezoea chipsi zilizokauka nje anaigusa moja kwa kidole tu na kusukuma sahani. Mikahawa mikubwa ya kimataifa inalijua hili. Mwanzoni mwa 2022 KFC iliishiwa chipsi nchini Kenya kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa, na Wakenya wakahoji kwa hasira kwa nini isinunue kwa wakulima wetu. Jibu lilikuwa masharti ya ubora: kila anayeiuzia viazi lazima kwanza apitie ukaguzi wa kimataifa wa kampuni hiyo. Nyumbani fanya hivi. Kata viazi vyembamba, vioshe hadi maji yawe maangavu, vikaushe kwa kitambaa. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka viive bila kubadilika rangi, vitoe vipoe, kisha virudishe kwenye mafuta yenye moto mkali viwe vya dhahabu. Ukinunua kibandani, omba zikaangwe ukisubiri. Tomato sosi ya kibandani mara nyingi huwa nyepesi na tamu, basi mzazi na abebe chupa ndogo ya ile ya kwao kwenye sanduku. Sosi moja inayofahamika huvusha vyakula vingi vigeni.

Kwa samaki, sisi wa ziwani tuna bahati tusiyoitumia. Ngege (tilapia) mzima mwenye kichwa na macho ni heshima mezani kwetu, ila mtoto aliyezoea vijiti vya samaki vya dukani huogopa kutazamwa na chakula chake. Mpe mbuta (sangara). Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na minofu yake imeuzwa Ulaya kwa miaka mingi, kwa hiyo huenda huyo mtoto ameshamla bila mtu kumwambia. Nunua mnofu usio na mfupa, ukate vipande vya upana wa kidole, upitishe kwenye unga wa ngano, halafu yai lililopigwa, halafu chenga za mkate mkavu au Weetabix iliyopondwa. Weetabix hutengenezwa hapa hapa Kenya na iko katika maduka makubwa, basi ile itakayobaki ni kiamshakinywa chake. Kaanga hadi nje pakauke. Mara ya kwanza weka chumvi tu, usitie dania wala binzari.

Kuku ni hivyo hivyo, ingawa hapa moyo huuma zaidi. Katika nyumba ya Kiluhya mgeni huchinjiwa ingokho, na mjukuu akiikataa nyama ile nyanya anaona amekataliwa yeye. Mama, hajakukataa. Kuku wa kienyeji ana misuli migumu na ladha nzito, na mtoto huyu amekula kuku wa gredi maisha yake yote. Wape wakubwa ingokho yao, kisha chukua kidari cha kuku wa gredi na ukiandae kama huyo mbuta.

Makaroni na tambi hupatikana Naivas, Quickmart na hata katika maduka madogo ya vituo vya biashara. Lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kisumu mita 1,130 hivi, kwa hiyo maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 kule na 96 huku. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hazitoshi. Onja, ongeza mbili au tatu. Weka siagi, na sosi iwe kando kwenye kibakuli chake.

Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yachemshwe bila kubishana, kwa sababu mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela. Ikiwa mtoto anachukia ladha ya maziwa yaliyochemshwa na utando wake, nunua ya pakiti yaliyopashwa kiwandani na umpe yakiwa baridi.

Kuna saa pia. Saa nane usiku Kisumu ni saa kumi na mbili jioni New York wakati wa Desemba. Mtoto anayelia njaa usiku wa manane hadeki, tumbo lake bado linafuata saa ya chakula cha jioni cha kwao. Kwa siku tatu nne za mwanzo weka ndizi mbivu na mkate karibu na kitanda, na usimlazimishe kula mchana.

Kumlazimisha ndilo kosa kubwa ninaloliona, na hufanywa kwa upendo. "Kula kidogo tu, nyanya atafurahi." Mtoto akibanwa, woga unaongezeka. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa kazi hii vizuri: mkubwa anaamua ni chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Kwa hiyo kila mlo uwe na kitu kimoja anachokijua, na kando yake kipande kidogo cha chetu, bila maneno. Chapati ndiyo daraja la kuaminika kuliko vyote: ni kavu, ina rangi moja, na inafanana na chapati za maji (pancakes) anazozijua. Nimeona watoto wakianza na chapati tupu, kisha chapati na yai, kisha wakaichovya wenyewe kwenye ndengu. Mtoto huweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, basi likizo ya wiki mbili isihukumiwe kwa sahani moja.

Mkienda Lake Nakuru, fungasheni chakula chake, na msikifungue hovyo pale Baboon Cliff. Nyani wa pale wamezoea kunyakua, na mtoto akinyang'anywa sandwichi yake pekee siku imeharibika.

Mambo matatu hayahusu uchaguzi wa chakula, na hapo sitaki mtu abembeleze. La kwanza ni mzio. Mboga na michuzi mingi ya magharibi mwa Kenya hutiwa karanga za kusaga au simsim, na mgeni hawezi kuziona. Mzazi aseme mapema, na mpishi asimfiche kitu hata kidogo. La pili ni dawa ya kuzuia malaria. Malarone hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta au na maziwa, kwa hiyo mtoto asiyekula anywe angalau kikombe cha maziwa nayo, na akitapika ndani ya saa moja apewe dozi tena. La tatu ni mtoto ambaye orodha yake ina vyakula vichache sana mwaka mzima, anayepungua uzito au kutapika kwa kuona chakula. Hali hiyo inaitwa ARFID, imetambuliwa na madaktari wa akili wa Marekani tangu 2013, na huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji. Huyo apewe chakula chake kile kile cha nyumbani, hata kama ni kilichobebwa kwenye sanduku kutoka ng'ambo, na mafunzo ya kuonja yasubiri mtaalamu wake wa kule. Na mtoto yeyote, awe mchaguzi au la, akipitisha muda wa saa nane bila kukojoa, midomo ikikauka na akawa mlegevu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.