Jiko banifu halimalizi moshi wote

Bagamoyo, watu wa kujitolea wakishamjengea mama jiko banifu la udongo, wengi huamini kwamba moshi umekwisha na kwamba anaweza kupikia hata chumbani, mlango umefungwa. Imani hiyo ina sababu yake: kuni zinapungua kweli, na macho hayawashi kama zamani.

Kwenye mafiga matatu joto jingi hupotea pembeni. Jiko banifu huubana moto chini ya sufuria, ndiyo maana linakula kuni chache. Lakini kubana joto si sawa na kuunguza moshi wote. Chembe za moshi zinazofika ndani kabisa ya mapafu zina upana usiozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele mmoja una takriban 70. Jicho halizioni. Na mkaa, ambao hautoi moshi mwingi, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua mtu usingizini. Hili la mkaa naomba lisichukuliwe kwa wepesi, hasa msimu wa mvua watu wanapoingiza jiko ndani.

Kupima moshi si kazi ngumu. Tundika kitambaa cheupe juu ya jiko kwa wiki moja, kisha ukitazame. Gonganisha kuni mbili: zilizokauka hulia kwa ukali, mbichi hutoa sauti nzito, na hizo ndizo zenye moshi mwingi. Makumbi ya nazi yenye unyevu ni vivyo hivyo. Dirisha liachwe wazi, au jiko lijengwe uani, chini ya banda la makuti.