Je, wajua kwa nini fimbo ya pool hupakwa chaki?

Mpira mweupe unapogongwa, ncha ya fimbo huugusa kwa muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo kila kitu kinakuwa kimeshaamuliwa: mpira uende wapi, kwa kasi gani, na ukishagonga mwenzake usimame, ufuate au urudi. Kinachougusa si mbao, ni kipande cha ngozi kisichozidi upana wa ukucha. Chaki ipo kwa ajili ya ngozi hiyo tu.

Ukiugonga mpira katikati kabisa, hata ncha kavu itafanya kazi, maana inasukuma moja kwa moja. Shida huanza pale unapotaka kuuzungusha. Kuurudisha nyuma ni lazima uugonge chini ya katikati, kuufuatisha mbele ugonge juu, kuuzungusha pembeni ugonge kushoto au kulia. Kila unavyosogea mbali na katikati ndivyo ncha inavyokutana na uso wa mpira ulioinama, na kinachoizuia isiteleze ni msuguano peke yake. Ngozi iliyopakwa chaki vizuri hung'ang'ania hadi karibu nusu ya umbali kutoka katikati ya mpira hadi ukingoni. Kwa mpira wa milimita 57 wa meza za Kimarekani hiyo ni kama milimita 14, na kwa mpira mweupe mdogo wa Kiingereza wa milimita 48 ni kama 12. Ukipita hapo, fimbo inateleza hata kwa bingwa. Ngozi isiyo na chaki huteleza mapema zaidi, tena bila kukuonya: unasikia mlio mkali, mpira unakwenda upande usioutarajia.

Ncha ya ngozi yenyewe ilienea mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kwa jambo hilo ni Mfaransa François Mingaud. Kabla ya hapo fimbo zilikuwa mbao tupu, na mzunguko wa maana haukuwezekana. Wachezaji walijaribu chokaa na plasta ili ngozi ishike, hadi mwaka 1897 ambapo mchezaji wa biliadi William Spinks na mkemia William Hoskins wa Chicago walipopata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya chaki ya aina nyingine kabisa. Kiini chake kilikuwa silika, yaani madini yanayounda mchanga, na chembe za madini magumu ya kusagia, za jamii ile inayotumika kwenye msasa. Ndiyo sababu chaki ya ubaoni haifai hapa. Chaki ya ubaoni ni laini, inapondeka na kuwa vumbi palepale inapobanwa. Chembe za chaki ya pool ni ngumu: upande mmoja zinajikita kwenye ngozi, upande wa pili zinaung'ang'ania uso laini wa mpira.

Upakaji wenyewe wengi wanaukosea. Wanaiweka chaki juu ya ncha na kuizungusha kwa nguvu kama wanatoboa shimo. Matokeo yake chaki inachimbika katikati, kuta zake zinasugua pete nyeupe iliyo chini ya ngozi, na pembeni mwa ncha, mahali panapougusa mpira unapotaka mzunguko, hapapati kitu. Namna sahihi ni kuinamisha fimbo na kupitisha chaki juu ya ngozi kwa mipigo mepesi, huku ukiigeuza fimbo kwa vidole, mpaka uone rangi imeenea sawasawa hadi ukingoni. Mipigo minne au mitano inatosha. Paka kabla ya kila shuti unayotaka mzunguko, si mara moja kwa gemu nzima, kwa sababu kila pigo linaacha sehemu ya chaki kwenye mpira. Vumbi linalobaki lipulizie nje ya meza. Likitua kwenye mipira, mahali mpira unapogusana na mwenzake hushikana kidogo, na shuti uliyolenga sawasawa inakwenda kombo.

Na kama ngozi imekuwa ngumu na inang'aa, chaki haitashika hata upake mara kumi. Iguseguse kwa msasa hadi iwe na mikwaruzo tena. Kusugua ncha ukutani au kwenye sakafu ya saruji, jambo linaloonekana sana baa, kunaikwaruza kweli, lakini kunakula umbo lake, na umbo ndilo linalofanya ncha ikutane na mpira inavyotakiwa. Ngozi iwe na mviringo wa juu unaolingana na ukingo wa sarafu ya kipenyo cha milimita 18 hadi 21. Wamarekani hupima kwa sarafu zao za senti 10 na senti 5. Ncha iliyo bapa hugusa mpira kwa ukingo wake mkali, na hapo ndipo kuteleza kunapoanzia.

Sasa, ukitaka kujua kama tatizo ni chaki au ni mkono wako, chukua mpira wenye mkanda wa rangi, uweke mkanda ulale mlalo kama mshipi, kisha uutumie badala ya mpira mweupe. Upana wa mkanda huo ni karibu nusu ya upana wa mpira, kwa hiyo kingo zake za juu na chini zinakaribiana sana na ule mpaka wa kuteleza. Paka chaki, lenga chini ndani ya mkanda, piga, halafu chunguza alama ndogo ya chaki iliyobaki. Mara nyingi alama inakutwa karibu na katikati, juu zaidi ya pale ulipodhani umegonga. Hili ndilo linalowashinda wengi kurudisha mpira. Wanadhani hawana nguvu, kumbe hawagongi chini. Kiwiko kinashuka kabla ya ncha kufika, au mkono wa nyuma unabana fimbo ghafla, na ncha inapanda.

Dawa yake ni kushusha mkono wa mbele uliolala mezani, badala ya kuinua kitako cha fimbo. Fimbo ibaki karibu sambamba na meza. Umbali kutoka kwenye mkono huo hadi mpira uwe kati ya sentimita 15 na 25. Mkono wa nyuma ushike kwa ulegevu, na ncha inapofika kwenye mpira sehemu ya kiwiko hadi kiganja iwe imening'inia wima. Acha fimbo ipite mbele sentimita 10 au zaidi baada ya kugonga. Kumbuka pia kwamba kitambaa kinakula mzunguko wa nyuma kadiri mpira unavyosafiri, kwa hiyo mpira ulio mbali unadai pigo la kasi zaidi kwa umbali uleule wa kurudi. Na kwenye baadhi ya meza za kutumbukiza sarafu mpira mweupe huwa mzito kuliko mingine ili mashine iutambue na kuurudisha. Mpira mzito ukigonga mwepesi unaendelea mbele, hivyo kuurudisha ni kazi kwelikweli, wala si kosa lako.

Haya yote ndiyo yanayopaswa kuongoza macho unaponunua fimbo. Muuzaji atakuonyesha nakshi za kitako. Wewe anzia mbele. Ncha iwe ya ngozi iliyogundishwa. Zile za kufungwa kwa skrubu hulegea, na hapo kila pigo linakuwa na mchezo wake. Unene wa ncha uendane na mipira: milimita 12.5 hadi 13 kwa mipira ya Kimarekani, milimita 8 hadi 9.5 kwa midogo ya Kiingereza. Kisha unyoofu. Ilaze mezani, iviringishe polepole na utazame mwanga unaopita chini yake karibu na ncha. Ukiona mwanga unapanuka na kubana, imepinda. Fimbo ya vipande viwili ipime kipande kimoja kimoja pia, maana kasoro mbili zinaweza kufichana zikiungwa. Halafu igonge kitako sakafuni taratibu ukisikiliza: mlio wa kutetemeka ni dalili ya kiungo au pete iliyolegea. Uzito wa fimbo nyingi za Kimarekani ni kati ya gramu 510 na 600, na kwa anayeanza gramu 540 hivi ni pazuri.

Sehemu ya mbele huwa ya mbao ya mti uitwao maple kwenye fimbo za Kimarekani na wa ash kwenye za Kiingereza. Kitako kinaweza kuwa cha mbao yoyote nzito, na mpingo wetu ni miongoni mwa zile ambazo mafundi wa fimbo za bei ghali huzithamini. Ni fahari, ila mpingo hauongezi hata milimita moja ya mzunguko. Wepesi wa mbele ndio unaosaidia. Ukigonga kushoto, mpira huponyoka kidogo kulia, na kadiri mbele ya fimbo ilivyo nyepesi ndivyo kuponyoka huko kunavyopungua.

Ngozi ikibaki na milimita 2 pembeni, badilisha. Kata ya zamani kwa wembe, sawazisha pete kwa msasa uliowekwa kwenye kitu bapa, kwaruza chini ya ngozi mpya, tia tone dogo la supaglu na ubane dakika moja. Isubiri ikauke vizuri, kisha geuza fimbo, ncha ikandamize ubao, na ukate ngozi iliyozidi pembeni kwa wembe mkali, ukielekeza wembe kwenye ubao, kamwe si kwenye pete. Malizia mviringo kwa msasa. Fimbo nzima usiiegemeze ukutani wala kuiacha ndani ya gari lililoanikwa juani. Mbao hupinda, na kwa unyevu wa pwani hupinda haraka zaidi.