Nani kakwambia kuna askari anakutazama Shenzhen, China?

Safari hii nimeambiwa harusini, na mtu aliyeshika simu yenye video ya ushahidi: eti China ukisahau pochi kwenye benchi utaikuta kesho, kwa kuwa kuna askari anakuona kwenye skrini. Mimi ni fundi wa kamera, na nyingi ninazofunga zimetengenezwa Hangzhou, hukohuko China, kwa hiyo kila mwenye video kama hiyo hunitafuta nimwitikie. Simwitikii.

Askari huyo hayupo. Mpango wa Tianwang, mtandao wa kamera za polisi wa China, ulianza 2005, na kamera zimeongezeka hadi hakuna nchi yenye macho ya kutosha kuzikodolea zote. Picha nyingi huingia kwenye hifadhi, hukaa, hufutwa. Kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2025 zinataka zitunzwe angalau siku 30, basi. Zinazokesha ni programu, nazo hutafuta vitu vichache: namba za magari, waliopita taa nyekundu, sura zilizomo kwenye orodha ya wanaotafutwa. Namba za magari sina ugomvi nazo, zinasomeka.

Sura ndizo zinazonitia kichaa. "Kamera inamtambua kila mpita njia." Kwa lenzi ipi? Kujua tu kwamba pale kuna mtu, pikseli (nukta za picha) 25 kwa kila mita ya upana zinatosha. Kumtambua mtu usiyemjua, tunahesabu 250. Chukua kamera yenye pikseli 1920 kwa upana, gawanya mwenyewe: hupati hata mita 8. Barabara ya njia sita inapita mita 20. Bado hujaweka kofia, mvua, taa za magari zinazomulika lenzi, na nguzo ndefu inayokupa utosi badala ya uso. Ndiyo maana kamera za sura hukaa panapobana: geti la treni, ngazi za umeme, mlango wa uwanja. Yule mtoro aliyenaswa Nanchang mwaka 2018 kwenye tamasha la mwimbaji Jacky Cheung, kati ya makumi ya maelfu ya mashabiki, hakuchomolewa kwenye umati na jicho la angani. Alipita mlango wa tiketi, uso mbele ya lenzi. Na mwandishi wa BBC aliyepatikana Guiyang kwa dakika 7 mwaka 2017? Picha yake ilikuwa imeshaingizwa kwenye mfumo kabla hajaanza kutembea. Hilo wasimulizi hulimeza.

Halafu makosa. Tuseme programu ni nzuri, inakosea mara moja tu katika nyuso 10,000. Iweke kituo kinachopitisha watu 500,000 kwa siku: watu 50 wasio na hatia wanaliziwa king'ora, kila siku. Pandisha kizingiti cha ulinganifu, yaani kiasi ambacho sura mbili lazima zifanane ndipo king'ora kilie, kelele zinapungua, na unaowatafuta nao wanapita. Vitabu huandika kana kwamba kizingiti sahihi kipo; ukweli ni kwamba tunapapasa. Ningbo, Novemba 2018, mfumo ulimwanika hadharani Dong Mingzhu, bosi wa kampuni ya Gree, kwa kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu. Kilichopita pale kilikuwa basi lenye tangazo la picha yake.

Na hata kamera ikiona vizuri, nani anakuja? Juni 2022, mgahawani Tangshan, wanaume waliwapiga wanawake mbele ya kamera. Kwa taarifa ya mamlaka za Hebei, mkoa wenye mji huo, zenyewe, simu ya kwanza ilipigwa saa 8:41 usiku, askari wakafika saa 9:09. Dakika 28, na kamera haikuwa na hitilafu yoyote.

Mitaa ni salama, sikatai, japo Muiguri, Mwislamu wa Xinjiang magharibi mwa China, ambaye kukwepa mlango wa mbele wa nyumba yake kumewahi kuhesabiwa dalili ya shaka, atakuuliza salama kwa nani. Lakini sababu ni nyingi. Sheria ya silaha ya 1996 iliifanya bunduki ya mtu binafsi kuwa adimu mno. Makazi yana ukuta, geti na walinzi. Laini ya simu na tiketi ya treni zimefungwa kwenye kitambulisho chenye tarakimu 18, kwa hiyo picha ya kamera ina mahali pa kuunganishwa baada ya tukio, na hapo ndipo kamera hufanya kazi kweli. Alipay na WeChat, malipo ya kwa simu, ziliondoa noti mifukoni. Mchomoaji atachomoa nini? Wizi ulihamia kwenye simu, hadi ikatungwa sheria ya utapeli wa simu na mtandao, iliyoanza Desemba 2022.

Kinachoniudhi ni kwamba haya yote yalikuja yakiwa yameshikana mikono, na mchango wa kamera peke yake siwezi kukutenganishia. Uchambuzi wa tafiti za miaka 40, uliotoka 2019, ulikuta uhalifu ukipungua kwa takriban asilimia 13 penye kamera, zaidi kwenye maegesho ya magari. Kwenye uhalifu wa kutumia nguvu, hakuna punguzo la kushika mkononi. Tafiti hizo nyingi ni za Uingereza na Marekani. Za China, takwimu hutolewa na polisi walewale wenye kamera. Kwenye mauaji nawaamini kiasi, maana maiti ni ngumu kuificha. Kwenye pochi iliyosahaulika benchini, siweki dau.