Maalim aliyetuongoza kwa upinde

Watu waliozoea kuziona okestra za Kizungu kwenye televisheni huniuliza: taarab inaongozwa na nani, mbona hakuna mtu aliyesimama mbele na kijiti? Anayeongoza amekaa. Mara nyingi yumo humo humo kwenye safu ya mafidla, na mgeni hawezi kumtambua. Klabuni kwetu, Ng'ambo, Unguja, kwa zaidi ya miaka ishirini mtu huyo alikuwa Maalim. Tumemzika siku chache kabla ya Ramadhani. Mimi nilikaa kiti cha pili, ubavuni kwake, na nataka kueleza alichokuwa akifanya, kwani kazi ile ikifanywa vizuri haionekani kabisa.

Okestra za taarab Unguja zina umri. Husimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki. Ikhwani Safaa ikaundwa 1905, na vilabu vingine vikafuata. Baadaye redio na filamu za Misri zikatutia hamu ya mafidla mengi yanayolia pamoja. Lakini kule Cairo mafidla yale yalikuwa mikononi mwa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Kwetu, anayeshika fidla jioni, mchana alikuwa akishona suruali, au akidunga watu sindano, au akiuza samaki Darajani. Wengine wana masikio ya ajabu na vidole vigumu. Wengine wana vidole vyepesi na hawajui kusikiliza.

Na muziki wetu haumfichi mtu. Katika okestra ya Kizungu kila kundi hupewa njia yake, sauti zikapandana. Sisi, fidla, nai (filimbi ya mwanzi), udi (ala ya nyuzi ya shingo fupi), kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) na akodiani, wote tunaufuata wimbo ule ule mmoja, kila chombo kikiupamba kwa namna yake. Mmoja akiwa chini hata kidogo, wimbo mzima unachafuka.

Dawa ya Maalim ilikuwa kugawa mapambo. Mpigaji mpya alipewa mifupa ya wimbo tu: sauti ndefu, upinde mzima, kidole kisitikisike. Aliyekomaa aliruhusiwa kutetemesha, kuteleza, kuongeza vijisauti katikati. Kwa hiyo mafidla manane yalikuwa na nota nane tofauti, yote ya wimbo mmoja, na kila nota iliandikwa kwa penseli kwa kipimo cha mtu atakayeipiga. Mtu akiendelea, Maalim alimwandikia nyingine, akampa bila kusema neno. Mimi nilipewa ya tatu baada ya miaka minne. Ninayo mpaka leo, na nilipoipokea nilikwenda nayo nyumbani nimeikumbatia kifuani kama mtoto.

Kila zoezi lilianza kwa nusu saa ya kufunga nyuzi. Kanuni yetu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na joto la Unguja halizionei huruma. Baada ya kanuni, udi hutoa sauti, na fidla moja moja huifuata. Maalim alikuwa akipita nyuma ya viti vyetu, anainama, anasikiliza. Hakukugusia fidla yako hata siku moja. Alisimama hapo tu mpaka wewe mwenyewe uisikie kasoro. Vijana walichoka, wakanung'unika kwamba siku hizi kuna programu ya simu inayokuonyesha kwa taa. Simu itakwambia uzi wako uko wapi, ni kweli. Ila haikufundishi kumsikia aliyekaa pembeni yako, na yeye ile nusu saa alikuwa akitufundisha hilo.

Maqamu, yaani ngazi ya sauti, iitwayo Rasti ndiyo iliyonifunulia kina chake. Sauti ya tatu ya Rasti si ya juu wala si ya chini. Inakaa katikati, robo ya sauti kutoka pale piano ilipo. Fidla inaifikia, udi unaifikia, kanuni hubadilishwa kwa vile viwenzo vyake vidogo vya kando ya nyuzi. Akodiani haiwezi, funguo zake hazina mahali hapo. Klabu nyingine huamua wote waifuate akodiani, na Rasti ikafa. Maalim alikwenda kumwomba mzee wetu wa akodiani, mbele ya wote, kwa adabu, kwamba kila tukifika hapo ainue kidole. Anyamaze kwa sauti hiyo moja, kisha arudi. Mzee alikubali. Mara ya kwanza tulipoupiga wimbo ule hivyo, chumba kilibadilika. Nilisikia upenyo mdogo ukifunguka, na ndani yake mafidla yakilia ile sauti ya katikati peke yao.

Na kuingia je? Samai, mdundo wetu mmojawapo, ina mapigo kumi, yamegawika tatu, mbili, mbili, tatu, na ukikosea kuanza huwezi kuokota tena. Maalim hakuhesabu. Alivuta pumzi kwa pua, upinde ukapanda pamoja na mabega, tukavuta naye. Mpiga rika, ile tari ndogo, alinambia kwamba yeye hakuwahi kuutazama upinde; alikuwa akiisikia ile pumzi. Mimi pia.

Sasa nimekabidhiwa kabati lake la nota, nizinakili kabla mchwa hawajazifikia. Pembeni mwa kila nota kuna maandishi madogo. Muuguzi wetu hufanya zamu za usiku, basi penye kipande chake kumeandikwa: asipokuwepo, udi auchukue. Mpiga nai alikuwa baharia: asipokuwepo, fidla ya pili, juu. Kila mtu ameandikiwa mbadala wake. Ndiyo maana hatukuwahi kuahirisha onyesho kwa sababu ya mtu mmoja, na sisi tukidhani ni bahati.

Nimezipitia nota zake yeye mwenyewe, bashrafu zote, yaani vipande vya ala visivyoimbwa, na nyimbo zote. Pembeni hakuna kitu.

Tumekaa Alhamisi iliyopita tujaribu. Bashrafu ina khana, yaani sehemu, nne, na baada ya kila khana tunarudi kwenye taslimu, kipande kile kile kinachorudiwa, ambako yeye ndiye aliyekuwa akitufungulia mlango. Kazi hiyo tuliipa selo. Ilitoka nzito, na tukaingia kila mtu kwa wakati wake. Tukaipa nai, ikawa afadhali, maana nai nayo inataka pumzi. Mpiga rika alifumba macho akasikiliza. Alhamisi hii tunaanza na nai tena, baada ya kufunga nyuzi.