Kisukari cha ukoo si lazima kikupate

Kuanzia Kongwa hadi Bahi, wengi huamini kwamba kisukari na presha ni magonjwa ya ukoo: ukizaliwa humo utaugua tu, usipozaliwa humo uko salama. Imani hii ina msingi, kwani magonjwa haya kweli huonekana kwa mama, kisha kwa mwanawe.

Lakini kisukari aina ya 2 kwa kawaida hakitokani na jeni moja, yaani kipande kimoja cha maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Mamia ya maeneo kwenye DNA, kemikali inayobeba jeni, yanahusika, na karibu kila moja huongeza uwezekano kidogo tu. Tena ndugu hurithishana pia mapishi, kazi na kipato.

Kwangu jambo zito zaidi ni hili: mazingira huacha alama za kikemikali kwenye jeni, zikipunguza au kuongeza utendaji wake bila kubadili jeni zenyewe. Watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walikutwa na alama tofauti na za ndugu zao, miaka 60 hivi baadaye. Na njaa, basi, si dosari ya damu ya mtu, bali ni jambo la mazingira.

Ukiambiwa kabila fulani "lina jeni la presha", uliza: walipimwa akina nani? Tafiti nyingi za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Je, chakula, kipato na umbali wa zahanati vilizingatiwa?

Kisha pima mwenyewe. Presha ya 140/90 au zaidi, au sukari ya 7.0 mmol/L na kuendelea asubuhi kabla ya kula, ikijirudia, inahitaji daktari, hata kama hakuna aliyewahi kuugua kwenu.