Kwa nini vivuli vya Prud'hon vilipasuka?

Je, wajua kwamba katika picha za Pierre-Paul Prud'hon, vile vivuli vyake vizuri ndivyo vilivyoharibika zaidi? Chanzo ni lami aliyoitumia kama rangi.

Mchoraji huyu Mfaransa (1758–1823) aliishi Roma kuanzia 1784 hadi 1788, akajifunza miili kutoka kwenye sanamu za kale kama wachoraji wengi wa uklasiki mpya, mtindo ulioiga sanaa ya Wagiriki na Warumi wa kale. Lakini wakati Jacques-Louis David, kinara wa mtindo huo, akichora maumbo kwa kingo kali, Prud'hon aliwafuata Leonardo da Vinci na Correggio, wachoraji wa Italia wa zamani, ambao katika picha zao ukingo wa shavu au bega hupotelea gizani. Tazama "Haki na Kisasi cha Mungu Vikiuandama Uhalifu" ya 1808, iliyochorwa kwa ajili ya mahakama ya jinai ya Paris na sasa ipo katika jumba la makumbusho la Louvre. Viungo ni vya sanamu za kale. Mbalamwezi, maiti na hofu ya muuaji anayekimbia tayari ni uromantiki, mtindo uliofuata wa hisia kali.

Giza la namna hiyo lilitaka kahawia nzito inayopitisha mwanga. Lami iliyoyeyushwa katika mafuta ya kitani, yaani ya mbegu za mmea huo, ikipakwa nyembamba hutoa rangi ya sukari guru iliyoyeyuka, na siku za mwanzo hupendeza mno.

Shida huja baadaye. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hufyonza oksijeni ya hewani yakageuka utando mgumu, na lami huizuia kazi hiyo. Tabaka hubaki laini kwa miaka, na joto likipanda hulegea kama barabara ya lami jua la adhuhuri. Mchoraji akipaka juu yake rangi inayokauka upesi, mfano nyeupe ya risasi, au vanishi ya kung'arisha na kulinda picha, tabaka la juu hujikaza huku la chini likiteleza. Hupasuka mapande mapana kama tope la bwawa lililokauka, na uso mzima huzidi kuwa mweusi.

Kutengeneza ni kazi ngumu. Vimiminika vinavyoondoa vanishi kuukuu huweza kuyeyusha na lami yenyewe, na kubandika turubai jipya (kitambaa cha kuchorea) nyuma ya picha kwa pasi ya moto huilegeza tena. Mara nyingi kinachobaki ni kuziba nyufa kwa rangi inayoweza kuondolewa.

Kwa maoni yetu, mkono wake unaonekana vizuri zaidi katika michoro ya chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya bluu. Karatasi yenyewe ni kivuli cha kati, nyeusi hukizamisha, nyeupe huleta mwanga. Bluu huenda imefifia, lakini ule ulaini wa kingo upo, bila ufa hata mmoja wa lami.